Pension Credit: Pesa ya Mzee Isiyokuja Mpaka Iitwe

Kama umefikisha miaka 66, unaishi Uingereza, na pensheni yako ya serikali haifiki pauni 227.10 kwa wiki (kiwango cha 2025/26), huenda kuna pesa yako imelala serikalini miaka yote hii. Inaitwa Pension Credit. Ilianza Oktoba 2003, na kazi yake ni moja: kujazia kipato cha mzee kikiwa chini ya kiwango ambacho serikali yenyewe imesema mtu asikae chini yake. Lakini haiji yenyewe. Wizara ya Kazi na Pensheni, ile DWP ya bahasha za kaki, inajua unapokea pensheni kiasi gani. Haijui unaishi na nani, una akiba gani wala afya yako ikoje, kwa hiyo inakaa kimya mpaka uombe. Familia zinazostahili na hazijaomba zinakadiriwa kwa mamia ya maelfu.

Wazee wetu ni wengi katika hao, na sababu inaonekana kwenye hesabu. Pensheni mpya kamili, pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa fedha wa 2025/26, humfikia mtu aliyechangia Bima ya Taifa kwa miaka 35. Aliyechangia chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Sasa mfikirie Mbarawa aliyekimbia vita vya Somalia mwaka 1991 akiwa na miaka arobaini na kitu, au Mkongo aliyepata hifadhi uzeeni, au mama wa Unguja aliyelea watoto sita na kupika maandazi ya kuuza mtaani, kazi ambayo haikuandikwa popote. Hawa ndio wenye pensheni ya pauni 60, 90, 120. Na hawa ndio utawasikia wakisema, “Mimi sina shida, Alhamdulillahi, wanangu wananiangalia.”

Ndipo mambo yanapoharibikia. Wazee wengi huamini kwamba ukikaa na mtoto mwenye kazi nzuri, basi huna haki. Si kweli. Hesabu ya Pension Credit hufanywa juu yako wewe, na mume au mke unayeishi naye. Basi. Mshahara wa mwanao hauulizwi, hata kama anaendesha gari la maana na nyumba ni yake. Pesa wanazokupa wanao kwa hiari yao kwa kawaida haziingii kwenye kipato chako, ila ukizilimbikiza benki zinageuka akiba, na akiba ina hesabu yake. Wala hii si sadaka. Ni haki iliyowekwa na sheria ya Bunge ya mwaka 2002, na anayeichukua hamnyimi maskini mwingine fungu lake.

Hesabu yenyewe

Kiwango cha mtu mmoja kwa 2025/26 ni pauni 227.10 kwa wiki. Cha wanandoa wawili ni pauni 346.60. Viwango hubadilika kila Aprili, kwa hiyo ukisoma haya baada ya hapo, uliza vya mwaka huo. Unachukua kipato chako cha wiki, ikiwemo pensheni ya serikali, pensheni ya kazini, mshahara kama bado unafanya kazi, na pensheni yoyote ya nje, iwe ya NSSF au ya serikali ya Kenya. Unaongeza kile ambacho akiba yako inahesabiwa kukuletea. Kinachopungua kufikia kiwango ndicho utakacholipwa.

Akiba ya mpaka pauni 10,000 haiguswi. Ikizidi hapo, kila pauni 500, au sehemu ya pauni 500, inahesabiwa kama inakuingizia pauni 1 kwa wiki. Hakuna kikomo cha juu ambacho ukikivuka unafukuzwa mlangoni. Kinachotokea ni kwamba unachopata kinapungua kidogo kidogo mpaka kiishe.

Tuchukue mfano wa bibi anayeishi peke yake. Pensheni yake ni pauni 120 kwa wiki, benki ana pauni 13,200. Zilizozidi elfu kumi ni 3,200, ambazo ni mafungu sita ya mia tano na kipande. Kipande nacho kinahesabiwa fungu zima, kwa hiyo anaongezewa pauni 7 kwenye kipato. Jumla 127. Toa kwenye 227.10, anastahili pauni 100.10 kila wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya pauni 5,200. Na maombi yanaweza kurudishwa nyuma miezi mitatu kama alistahili muda wote huo, kwa hiyo malipo ya kwanza peke yake yanaweza kufika pauni 1,300.

Kwa wale wasiokula riba: hiyo pauni 1 kwa kila mia tano si riba ya benki. Ni makisio ya kisheria, na yanatumika hata kama akaunti yako haizai senti, au pesa ziko kwenye kasha chini ya kitanda. Riba halisi, kama ipo, haihesabiwi mara ya pili. Pesa za upatu zilizokwisha kufika mikononi mwako ni akiba. Pesa za kwendea Hija nazo ni akiba, hata kama umeshaweka nia. Mpango wa mazishi uliolipiwa kabisa kwenye kampuni, huo hauhesabiwi.

Kuna sehemu ya pili ya Pension Credit, ya kuwatuza waliojiwekea akiba kidogo, lakini ni ya waliofikia umri wa pensheni kabla ya tarehe 6 Aprili 2016. Mwaka 2025/26 haikuzidi pauni 17.30 kwa mtu mmoja. Kama wewe ni wa zamani hizo, itatazamwa katika ombi hilo hilo. Huhitaji fomu nyingine.

Kuhusu umri: ni miaka 66 kwa waliozaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1960. Kwa waliozaliwa kuanzia siku hiyo unapanda miezi kwa miezi hadi 67. Unaweza kuomba mpaka miezi minne kabla hujafika.

Nyumba ya huko nyumbani

Hapa ndipo wazee wetu hunyamaza, na ndipo wanapojiponza. Nyumba unayoishi Uingereza, kama ni yako, haihesabiwi hata kidogo. Lakini nyumba ya Mombasa, kiwanja cha Tanga, fungu lako katika shamba la marehemu baba, vyote vinahesabiwa kama mtaji, kwa thamani ambayo vingeuzika leo huko viliko, baada ya kutoa madeni yaliyo juu ya mali yenyewe na asilimia 10 kama kuna gharama za kuuzia. Vinatakiwa vitajwe.

Ukisikia hivyo usikunje jamvi. Tuseme kiwanja chako, baada ya makato yote, kina thamani ya pauni 6,000, na benki una pauni 5,000. Jumla ni 11,000. Umezidi kwa elfu moja, kwa hiyo unapunguziwa pauni 2 kwa wiki. Mbili tu. Hata nyumba ya pauni 60,000 bila akiba nyingine inakupunguzia pauni 100 kwa wiki, na mwenye pensheni ya pauni 80 bado atabaki na kitu. Nimewaona watu wakificha kiwanja ambacho kingewagharimu nauli ya basi, kisha wakaishi miaka na hofu ya kila bahasha ya kaki.

Mali ya urithi ambayo haijagawanywa inahesabiwa kwa fungu lako peke yake, na fungu lisilouzika kirahisi kwa sababu ndugu saba hawaelewani lina thamani ndogo. Eleza hivyo hivyo kwa maandishi. Halafu kuna kanuni ambayo ni kama imeandikwa kwa ajili yetu. Kama katika nyumba hiyo anaishi ndugu yako wa karibu, au babu, bibi, mjukuu, mjomba, shangazi au mpwa wako, na mtu huyo amefikia umri wa pensheni au hajiwezi kiafya, nyumba hiyo haihesabiwi. Dada yako wa miaka 74 anakaa nyumba ya Lamu? Sema hivyo. Taja umri wake na muda aliokaa hapo.

Jambo moja si la kufanya: kumwandikia mtoto kiwanja wiki moja kabla ya kuomba, ili uonekane huna. DWP ikiona ulitoa mali kusudi upate malipo, inaweza kukuhesabia kama bado unayo, na mali imeshakwenda. Kulipa deni la kweli au kununua kitu unachokihitaji hakuna ubaya wowote, weka risiti.

Kibali cha kukaa

Raia wa Uingereza, mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyetambuliwa wanaweza kuomba. Wenye kibali kilichoandikwa kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma, wasiombe kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji, kwa sababu ombi lenyewe linaweza kuwaletea matatizo kwenye kibali.

Wazazi walioletwa na watoto wao ndio wenye mtego. Kama mwanao alitia saini ahadi ya kukutunza ulipokuwa unaingia nchini, unaweza kuzuiwa kupata Pension Credit kwa miaka 5 tangu ulipoingia au tangu ahadi ilipotiwa saini, ipi iliyo ya karibuni zaidi. Ikiisha, omba. Mwanao aliyetia saini akifariki kabla, mlango unafunguka mapema. Itafute hiyo fomu katika makaratasi ya nyumbani. Wengi hawakumbuki kama ilitiwa saini au la.

Na wewe uliyekwisha kuwa raia, ukahamia Zanzibar miaka kumi kupumzika, kisha ukarudi kwa sababu ya matibabu au wajukuu: pasi nyekundu au ya buluu haitoshi. Utaulizwa kama kweli umerudi kuishi. Kwa kawaida unatakiwa uwe umekaa mwezi mmoja hadi mitatu, na uoneshe dalili za kutulia, kama vile kujiandikisha kwa daktari, kuwa na anwani, kufunga mambo ya kule. Mkimbizi haulizwi swali hili.

Mume mzee, mke kijana

Tangu tarehe 15 Mei 2019, wanandoa wanaoishi pamoja wanaanza kupata Pension Credit pale tu wote wawili wanapokuwa wamefikia umri wa pensheni. Mume wa miaka 71 mwenye mke wa miaka 57 anaelekezwa Universal Credit, ambayo viwango vyake ni vidogo zaidi na akiba ikizidi pauni 16,000 hapati kabisa. Kwa jamii ambayo mume kumzidi mke miaka kumi na tano si habari, kanuni hii inauma kuliko inavyomuuma Mwingereza.

Kama mke huyo kijana yuko kwenye kibali kisichoruhusu fedha za umma, ipo kanuni ya pekee ambayo mume anaweza kuhesabiwa kama yuko peke yake na kuomba kwa kiwango cha mtu mmoja. Hilo lifanywe na mshauri pembeni. Na kama mwenzi wako anaishi moja kwa moja Dar es Salaam au Bujumbura, sema ukweli wa mahali alipo. Ndoa za mke zaidi ya mmoja zilizofungwa kihalali nchi inayoziruhusu nazo zina kifungu chao. Hutakuwa wa kwanza kuwaeleza.

Simu ya kuomba

Unaweza kuomba kwa intaneti, kwa fomu ya karatasi au kwa simu. Njia ya intaneti inakubalika kama tayari umeshaomba pensheni ya serikali na huweki watoto au wajukuu kwenye ombi. Kwa wazee wengi mimi napendelea simu: 0800 99 1234, bila malipo, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake na namba yake.

Kabla ya kupiga, weka mezani namba ya Bima ya Taifa, kadi ya benki, barua ya pensheni ya mwaka huu, taarifa za benki za akaunti zote, na za akaunti za Kenya au Tanzania pia. Kama unataka kurudishwa miezi mitatu, utaulizwa akiba yako ilikuwa kiasi gani siku ile, si leo. Andika tarehe uliyoingia Uingereza na tarehe ya kibali.

Ukianza tu, omba mkalimani wa Kiswahili. Hulipi. Atapatikana kwenye simu hiyo hiyo, ingawa unaweza kusubiri. Usimwachie mjukuu wa miaka kumi na mbili kazi hii. Hataki kukuuliza kuhusu akiba yako, na wewe hutaki kumjibu. Mbarawa ambaye Chimwini ndiyo lugha yake aseme hivyo mapema, kwa sababu mkalimani wa Nairobi anaweza kumpotea katikati ya maneno. Mwanao anaweza kukusemea, mradi uwe karibu uthibitishe kwa sauti yako kwamba unamruhusu. Mzee ambaye kumbukumbu zimemtoka anaweza kuwekewa msimamizi rasmi wa malipo yake, na DWP hufanya ziara kuthibitisha.

Mambo mawili hukwamisha watu wetu kwenye simu hii. La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari na karani aliyekuwa na haraka. Taja iliyo kwenye pasi, wala usianze kueleza kwamba mama alisema ulizaliwa mwaka wa mafuriko. La pili ni jina: Khadija wa pasi, Hadija wa benki, na Hadija binti Omari wa cheti cha ndoa. Toa la pasi, kisha waambie kuna mengine na yanaandikwaje, herufi kwa herufi.

Usisite kusema “sijui, nitawaletea”. Kukisia akiba ni hatari kuliko kuchelewa siku mbili. Mwisho wa simu uliza unachotakiwa kutuma, uandike jina la mliyeongea naye na tarehe. Ukikubaliwa, pesa kwa kawaida huingia benki kila baada ya wiki nne.

Hata pauni moja

Kama hesabu yako imeonesha unastahili pauni 1.40 kwa wiki, bado omba, kwa sababu Pension Credit ni ufunguo wa mlango mwingine. Mpangaji anayepata ile sehemu kuu ya kujazia kipato anaweza kulipiwa kodi yote ya nyumba inayostahili kupitia Housing Benefit ya kaunsili, na kodi ya kaunsili inaweza kupungua sana au kufutwa. Meno ya NHS bila malipo, msaada wa miwani, nauli ya hospitali. Punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme. Huko England na Wales, pauni 25 kila inapotokea siku saba mfululizo za baridi ya barafu. Ukifikisha miaka 75, leseni ya televisheni, iliyokuwa pauni 174.50 mwaka 2025/26, ni bure, haki ambayo tangu Agosti 2020 imebaki kwa wenye Pension Credit peke yao. Mwaka 2024 serikali ilipofungia posho ya kupasha nyumba joto kwa wenye Pension Credit na malipo mengine machache ya wenye kipato kidogo, maombi yalimiminika. Mwaka uliofuata masharti yakalegezwa, lakini maelfu walikuwa wameshagundua kwamba walistahili tangu zamani.

Mpangaji anayeishi na mtoto mtu mzima ajue kwamba kaunsili inaweza kukata sehemu ya Housing Benefit kwa kudhani mtoto anachangia kodi. Makato hayo hayafanywi kama mzee anapata Attendance Allowance.

Na hiyo Attendance Allowance iombe kabla ya kitu kingine kama unahitaji mtu akusaidie kuoga, kuvaa, kula dawa, au akuangalie usianguke usiku. Mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki; haitazami kipato wala akiba, wala haihesabiwi kama kipato kwenye Pension Credit. Huko Scotland inaitwa Pension Age Disability Payment. Fomu yake ni ndefu na inataka maneno ambayo mzee wetu hayasemi. Ukiulizwa kama unaweza kupanda ngazi, usijibu “naweza, kwa uwezo wa Mungu”. Eleza kwamba unapumzika mara tatu na kushika ukuta, na kwamba binti yako hutembea nyuma yako.

Ukishaipata, na kama unaishi peke yako, kiwango chako cha Pension Credit kinaongezwa; mwaka 2025/26 nyongeza ilikuwa pauni 82.90, kikafika 310. Mwenye pensheni kamili aliyekataliwa mwaka jana anaweza kukubaliwa sasa. Ila angalia: binti yako akianza kulipwa Carer's Allowance kwa kukutunza, nyongeza hiyo inaondoka. Kaeni mpige hesabu pamoja kabla hajajaza fomu. Kama unaishi nyumbani kwake, nyongeza hiyo kwa kawaida hukuwa nayo, kwa hiyo aombe bila wasiwasi.

Ukisafiri

Wiki nne. Siku 28. Andika ukutani. Pension Credit inaendelea kulipwa ukiwa nje ya nchi kwa wiki nne, na kwa sharti kwamba tangu unaondoka hukukusudia kuzidi hapo. Aliyekata tiketi ya wiki sita kwenda harusini Malindi hapotezi zile wiki mbili za mwisho. Anapoteza kuanzia siku aliyoondoka. Housing Benefit nayo ina kanuni ya wiki nne kwa safari za nje, kwa hiyo kodi ya nyumba inaweza kubaki juu yako. Hija inaingia ndani ya muda huo vizuri, ila isiunganishwe na mwezi wa mapumziko Muscat kwa ndugu.

Msiba ndio mgumu. Ukifiwa na mwenzi, mzazi, mtoto, kaka au dada, na ikaonekana si haki kukutaka urudi, muda unaweza kuongezwa hadi wiki nane. Hiyo inaitosha arobaini. Lakini mjomba, shangazi na binamu, hata yule aliyekulea, hawamo katika orodha hii. Kwao una wiki nne tu, arobaini haijafika. Na mjane aliyefiwa na mume akiwa Mombasa, akakaa eda huko miezi minne na siku kumi, malipo yake yatakatika kabla hajatoka eda. Dini inamtaka akae, sheria inamtaka arudi, na sijaona kanuni inayopatanisha hayo mawili. Kinachowezekana ni kupiga simu DWP mapema, kusema tarehe za kweli, na kuomba upya siku anayorudi.

Anayekwenda kutibiwa nje anaweza kuruhusiwa hadi wiki 26, akiwa na barua za daktari. Anayerudi nyumbani moja kwa moja, Pension Credit inaishia uwanja wa ndege. Pensheni ya serikali itamfuata, lakini kwa wanaoishi Kenya au Tanzania haipandi kila mwaka kama inavyopanda hapa.

Mbali na safari, toa taarifa ukihama, mtu akihamia kwako au akitoka, ukirithi, ukifiwa. Pesa uliyolipwa zaidi kwa sababu hukusema itadaiwa.

Wakikukatalia

Barua ya kukataliwa si mwisho. Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa juu yake kuomba uamuzi utazamwe upya. Ukikataliwa tena, una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza la rufaa, ambalo si la DWP na halilipishi. Sababu nyingi za kukataliwa ni za kurekebishika: kiwanja kimethaminishwa kupita kiasi, tarehe ya kuingia nchini imekosewa, barua ya kuomba karatasi zaidi ilikwenda anwani ya zamani.

Usiende peke yako. Citizens Advice wako karibu kila mji, Age UK wana simu ya bure 0800 678 1602, na wote wawili hufanya hesabu hizi kila siku. Misikiti, makanisa na vyama vya jamii vingi vina mtu anayejua fomu. Huduma hiyo ni bure. Anayekutaka umpe asilimia ya malipo yako ya kwanza, mkatae. Ujumbe wa simu unaokuambia ubonyeze mahali uweke namba za benki ili “ukamilishe ombi lako” ufute, hata kama unataja jina lako kamili, kisha ipigie DWP kwa namba iliyo kwenye barua yao uulize kama wana jambo na wewe.